Ukirekebisha bafu Masalani, taili zisubiri

Wengi wetu tukipanga kurekebisha choo na bafu, tunaanza na rangi ya taili. Mimi naona hapo ndipo pesa huanza kupotea. Masalani tuko karibu na Mto Tana, na mafuriko ya mwisho wa 2023, halafu yale ya Aprili na Mei 2024, hayajasahaulika. Maji yakipanda, shimo linajaa, kuta zinabomoka, uchafu unarudi uani. Taili itakusaidia nini hapo?

Weka pesa kwa shimo kwanza. Lijengewe kwa mawe, sakafu iinuliwe, na liwe mbali na kisima. Nunua simiti kabla ya mvua, maana barabara ikikatika hata lori haliji.

Sasa malipo. Fundi akikuambia umtumie zote leo "nikachukue vifaa", usitume. Lipa duka mwenyewe kwa simu. Yeye mlipe kwa hatua, ukishaona kazi. Ile ya mwisho baki nayo mpaka umwage ndoo mbili sakafuni uone maji yanaelekea wapi. Na zile meseji za malipo usizifute, hata simu ikijaa. Futa picha.