Mama Anayelea Peke Yake na Meza ya Bwana

Katika pwani ya Mtwara, hadi Mto Ruvuma unapoingia baharini, Wamakonde huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto asiye na baba nyumbani hakosi ukoo. Hata hivyo, Kanisa lafundisha kwamba mtoto ni zawadi, si haki (KKK 2378), na dhamiri haijitungii sheria. Kwa hiyo hatuhalalishi kuzaa nje ya ndoa kwa makusudi. Lakini Desemba 2023, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, likimjibu Askofu wa Jamhuri ya Dominika, lilisikitikia akina mama waliojinyima Ekaristi kwa kuogopa ukali wa mapadre na viongozi wa jumuiya. Aliyeungama anakaribishwa. Tusimfukuze mezani aliyeulinda uhai.