Daftari la Wiki: Vijana na Vyama Vyao

Mtu akiuliza skauti hupangwaje, aghalabu hujibiwa kwa habari za sare, skafu na bendera, ilhali nguvu ya chama hicho imo katika kundi dogo la vijana sita hadi wanane, walio chini ya kiongozi wa rika lao. Robert Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, aliijaribu tartibu hiyo katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Na fadhila yake ni kuwa mtoto hujifunza kuamrisha kwa adabu na kutii bila ya unyonge.

* * *

Vyama vingine huzaliwa kwa hiari ya wenyewe, kama Nadi Ikhwan Safaa ya taarabu, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905 na ingali hai. Dar es Salaam, klabu ya Young Africans ilianza mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya watu wake wakajitenga, wakaunda klabu ambayo leo ni Simba. Chama cha hiari hukusanywa na mapenzi na hutawanywa na kinyongo; kwa hiyo kanuni sharti ziandikwe siku ya furaha, zipate kuhukumu siku ya hasira.

* * *

Mathare, Nairobi, jumuiya ya michezo ya vijana iliyoundwa mwaka 1987, MYSA, huipa timu alama za ligi kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro, kadhalika kwa kushinda mechi. Naistahi sana hekima hiyo.

* * *

Jumamosi nilialikwa katika kikundi cha vijana cha kuweka na kukopa. Sanduku la chuma lilikuwa na kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu, na sanduku lenyewe likilala kwa wa nne. Mweka hazina, binti mdogo kuliko wote, alihesabu fedha kwa sauti, na mwenyekiti, aliyechelewa, akalipa faini mbele ya wote bila ya kunung'unika.

Nawasihi wazee na wafadhili wanaowajengea vijana kumbi na kuwanunulia jezi, kisha wakabaki na daftari na ufunguo mikononi mwao: wapeni vijana amana hizo pia, kwani asiyeaminiwa senti ya chama ujanani hatajua kuitunza hazina ya umma ukubwani.