Tuifanyie Tiketi Searchi Kama Ploti



Katika kaunti yetu ya Kajiado, kuanzia Kitengela hadi Namanga, hakuna anayehitaji kufundishwa kununua ploti. Tulishafundishwa na hasara. Kila nyumba ina kisa chake: kipande kimoja kilichouzwa kwa watu watatu, bikoni zilizong'olewa usiku, broka aliyevaa suti akaonyesha shamba ambalo mwenyewe yuko Loitokitok na wala hana habari. Leo hata fundi wa mjengo ambaye hajawahi kumiliki shubiri moja ya ardhi atakwambia: kwanza searchi pale ofisi ya ardhi Kajiado, kisha tembea na savea, kisha umsalimie mzee anayechunga hapo kando, maana yeye ndiye ajuaye shamba ni la nani kuliko ramani. Mfugaji wa Bisil naye hatoi pesa sokoni kabla hajafungua kinywa cha ng'ombe akahesabu meno.

Sasa niambieni: mbona tiketi ya ndege, ya laki moja na kitu, tunainunua kwa picha ya WhatsApp?

Nauliza kwa sababu nami ni mkosaji. Nilikuwa mweka hazina wa harambee ya kijana wa mtaani kwetu aliyepata nafasi ya chuo nchini Canada. Tulichanga kwa moyo. Kuna mama muuza sukumawiki aliyeleta mia mbili, zote sarafu, akangoja nizihesabu. Pesa zilipotosha, mtu fulani kwenye kikundi akatuma namba ya "dada mmoja wa tiketi", na bei yake ilikuwa chini ya wengine wote kwa elfu kumi na nane. Nikatuma pesa kwa laini yake ya simu. Baada ya saa moja ikaja karatasi safi: nembo ya shirika la ndege, jina la kijana, tarehe, saa, hata kilo za mizigo. Nikaisambaza kikundini, watu wakajibu kwa amina nyingi.

Tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege wa JKIA kwa matatu mbili za kukodi. Kwenye kaunta, binti aliyetuhudumia akaandika jina, akaliandika tena, akauliza kama tuna karatasi nyingine. Nafasi ilikuwako, alisema, ila haikulipiwa, na mtambo uliifuta siku mbili baadaye. Mama yake kijana aliketi juu ya sanduku, shuka mabegani, asiseme neno. Kijana alisafiri wiki tatu baadaye, baada ya mitamba wawili kuuzwa. Laini ya yule dada haijashika hadi leo.

Tangu siku hiyo nimeuliza maswali mengi kwa watu wanaoijua kazi hii. Nitawagawia majibu bure, kwa kuwa ada yake niliilipa kwa pesa zenu.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba kushika nafasi si kununua tiketi. Wakala wa usafiri hufanya kazi kwenye mitambo kama Amadeus, Sabre au Travelport. Humo anaweza kukuwekea kiti bila kulipa hata senti, na mtambo ukampa alama 6 za herufi na tarakimu ambazo wenyewe huziita PNR, pamoja na muda wa mwisho wa kulipa. Karatasi inayotoka hapo inavutia macho, na si ya kughushi. PNR ni ya kweli, ndege ni ya kweli, jina ni lako. Muda ukipita bila malipo, kiti kinarudi sokoni, nawe unabaki na karatasi yako nzuri.

Tiketi yenyewe ina namba ya tarakimu 13. Wakubwa wenzangu mnakumbuka ilipokuwa kijitabu chenye kaboni nyekundu, kile kilichochafua vidole na kufichwa chini ya godoro hadi siku ya safari. Mashirika yaliyo chini ya IATA yaliachana na kijitabu hicho tarehe 1 Juni 2008. Tangu hapo tiketi ni rekodi kwenye kompyuta ya shirika, na namba hiyo ndiyo hatimiliki yako. Tarakimu 3 za kwanza ni za shirika lililotoa tiketi: 706 ni Kenya Airways, 176 Emirates, 157 Qatar Airways, 071 Ethiopian, 235 Turkish, 074 KLM. (Zikitofautiana na ndege utakayopanda usishtuke mara moja, kwa sababu mashirika huuziana viti. Uliza uelezwe.)

Basi searchi ya tiketi ni hii. Chukua PNR na jina la mwisho lililo kwenye pasipoti. Fungua tovuti ya shirika lenyewe kwa kuiandika wewe, si kwa kubofya kiungo ulichotumiwa. Ingia pale wanapokuruhusu kuangalia safari yako, utafute zile tarakimu 13. Usipoziona, pigia shirika simu uulize kama tiketi imetolewa. Ni kazi ya dakika tano. Kisha irudie siku chache kabla ya safari, kwani wako wezi wanaonunua tiketi halisi kwa kadi ya benki iliyoibwa: mwenye kadi akilalamika, benki inamrudishia pesa zake na shirika linaifuta tiketi uliyokwisha kuiona kwa macho yako.

Nilipoyasema haya kanisani, kijana mmoja akasema dawa ni kuachana na mawakala kabisa, kila mtu anunue kwa shirika lenyewe. Namwelewa. Kwa safari nyepesi, mtu mmoja, kwenda na kurudi, shirika moja, mimi mwenyewe sasa hufanya hivyo. Kenya Airways hupokea M-Pesa, na tangu 2023 M-Pesa inaruhusu shilingi 250,000 kwa mara moja na 500,000 kwa siku, kwa hiyo hoja ya "sina kadi" imepungua nguvu. Faida yenyewe haionekani siku ya kununua. Huonekana siku mambo yanapoharibika, maana hapo mko wawili tu, wewe na shirika. Ukinunua kupitia kwa mtu, mara nyingi simu iliyoandikwa ni yake. Ndege inarudishwa nyuma saa sita, ujumbe unalala kwenye simu ya mtu aliyekwenda ushago kwa mazishi. Ukilipigia shirika, unaambiwa urudi kwa wakala wako. Pesa za kurudishiwa nazo hurudi kwa njia ile ile zilikopitia.

Mwaka 2020 tuliyaona haya kwa wingi. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi, zikarejea 1 Agosti. Aliyenunua kwa wakala alirudi kwa wakala, na wako waliokuta kufuli mlangoni. Lakini wako pia waliokuta mtu amekaa na orodha ya wateja wake, anawapigia mmoja mmoja, huku jirani aliyenunua moja kwa moja akisikiliza muziki wa simu saa nzima bila kupokelewa.

Ndiyo maana sikubaliani na yule kijana. Kuna hesabu ambazo tovuti haikufanyii. Mko watu kumi au zaidi mnaosafiri pamoja, tuseme kwaya au waumini wa Umra: wakala anaweza kuomba nauli ya kikundi. Mwanafunzi anahama na maisha yake yote ndani ya masanduku: wakala mzuri anajua shirika gani lina nauli ya wanafunzi yenye kilo za ziada. Mtu wa Namanga anaweza kukumbushwa kwamba umbali wa kwenda uwanja wa Kilimanjaro, ng'ambo ya mpaka, unakaribiana na ule wa JKIA, na kwamba KLM, Qatar, Ethiopian na Turkish hutua kule. Na aliyeona kwenye simu kwamba tiketi mbili mbalimbali, Nairobi hadi Dubai kisha Dubai hadi Toronto, ni rahisi kuliko moja, ataambiwa yale ambayo simu haikusema: ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina deni naye, na huenda akahitaji viza ya kutoka tu kuchukua mizigo yake.

Kazi hiyo ina malipo yake. Zamani mashirika yaliwalipa mawakala kamisheni nono. Mengi yameipunguza au kuiondoa, na mwaka 2015 Lufthansa ilifika mahali pa kutoza yuro 16 kwa tiketi iliyopitia ile mitambo ya mawakala. Kwa hiyo wakala wa kweli atakutajia ada yake ya huduma waziwazi. Anayekwambia hachukui chochote, na bado bei yake iko chini ya ile ya shirika kwa elfu kumi na nane, muulize anakula nini. Mimi sikuuliza.

Tunayepaswa kumkimbia ni broka. Wakala ana kiti, na unaweza kwenda ukakaa mbele yake. Ukutani ana leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, TRA, inayotolewa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Huenda ni mwanachama wa KATA, chama cha mawakala wa usafiri Kenya, au ana namba ya IATA. Vyote hivyo huulizwa bila aibu, kama unavyomwomba muuza ploti nakala ya hati. Pesa unazilipa kwa till au paybill yenye jina la biashara yake, si kwa laini ya "mdogo wangu, yangu ina shida leo". Unapewa risiti. Na unamwomba aandike simu yako na barua pepe yako, pamoja na yake, kwenye rekodi ya safari. Wako mawakala wa namna hii hapa kwetu. Tuwatafute, tuwape kazi.

Kuna kundi moja ninaloliomba lisikie zaidi: wazazi wa mabinti wanaokwenda Ghuba. Katika kazi za nyumbani za Saudi Arabia, tiketi ni juu ya mwajiri. Wakala wa ajira lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na jina lake linaweza kuulizwa huko. Mtu akija nyumbani kwako Isinya anadai "ya tiketi tu, mengine nitashughulikia", usihangaike hata na searchi ya tarakimu. Mpe chai, umsindikize hadi stegi.

Nawaomba basi mambo machache. Kamati za harambee na vyama: mweka hazina asitoe ripoti ya "tiketi tayari" kabla ya kuzisoma tarakimu 13 mbele ya watu, na mtu mwingine awe ameziangalia kwenye tovuti ya shirika. Lakini zisisambazwe kikundini, wala PNR, kwani mwenye PNR na jina lako anaweza kuchezea safari yako. Wenye cyber wa Kitengela na Kajiado: nyinyi ndio mnaoletewa karatasi hizi kuchapisha. Kabla ya kubonyeza, tafuteni namba ya tiketi. Isipokuwepo, mwambieni mama huyo kwa upole, hata kama amekuja na furaha. Vijana wenye simu nzuri: kaeni na wazee wenu, msiwaambie "ni rahisi tu" mkaondoka. Na waliotapeliwa, tafadhali pelekeni habari polisi mkiwa na ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote. Mimi nilikawia siku tisa kwa sababu ya aibu. Katika siku hizo tisa namba ile ile iliendelea kusifiwa kwenye kikundi cha mtaa wa pili.

Agosti inakaribia, na Agosti ni mwezi wa masanduku. Wanafunzi wengi wa vyuo vya ng'ambo huondoka wakati huo. Jumamosi asubuhi mimi hupatikana kwenye kibanda cha chai nyuma ya stegi ya matatu za Kitengela, meza ya nje. Njoo na pasipoti na karatasi yako tuifungue pamoja, nikusomee tarakimu, tulinganishe jina herufi kwa herufi na lile la pasipoti. Sitozi kitu. Chai ni juu yako, na mama wa kibanda hauzi kwa deni.