Tunapowaombea Wanaoteswa, Tusimsahau Jirani

Mpenzi msomaji, kila mwaka ifikapo Novemba, makanisa mengi duniani hutenga Jumapili moja ya kuwaombea Wakristo wanaoteswa kwa ajili ya imani yao. Padri au mchungaji hutaja nchi za mbali, nasi tukaitikia amina na kwenda zetu kupika chakula cha mchana.

Lakini kwetu hapa Matuga habari hiyo si ya mbali hata kidogo. Panda matatu pale Kombani, na kabla hujafika kivukoni umo Likoni. Huko ndiko, Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014, watu wenye bunduki walikoingia katika kanisa la Joy in Jesus wakati wa ibada na kuwamiminia waumini risasi. Watu sita walipoteza maisha. Mmoja wao alikuwa mama. Mwanawe wa mwaka mmoja na nusu alibaki na risasi kichwani, hata madaktari wa Hospitali ya Kenyatta wakamtoa. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Aprili 2015, al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa, wakawatenga Wakristo na kuwaua. Waliokufa siku ile walikuwa 148.

Usiku mmoja nilikuwa nikiwasimulia wanangu mambo haya kabla ya sala. Yule mdogo akaniuliza, "Mama, na mamake rafiki yangu hapo ng'ambo ya ua, kwa kuwa ni Mwislamu, naye ni mbaya?"

Nilinyamaza. Mama huyo ndiye aliyenikorogea uji wa pilipili manga nilipojifungua, na kila Idd sahani ya pilau yake hutufikia ingali moto. Mtoto hakuyaokota maneno yale barabarani. Aliyapata mezani petu, katika mazungumzo yetu sisi wakubwa.

Basi nikamsimulia habari ya basi la Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015 magaidi walilisimamisha, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Wanawake waliwapa wenzao mitandio wajifunike wasitambulikane. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi akiwatetea Wakristo wale, akafariki Januari 2016.

Tangu siku ile sala yetu nyumbani imebadilika. Tunawaombea wajane na mayatima wa Likoni, wazazi wa Garissa ambao bado wana picha ya mtoto ukutani, na ndugu zetu wa mashariki ya Kongo wanaoshambuliwa hata makanisani. Tunawaombea wenye bunduki pia, maana Bwana Yesu alitufundisha kuwaombea wanaotuudhi, ingawa sala hiyo ni ngumu kutoka kooni. Kisha tunamwombea mwalimu Farah na watoto aliowaacha.

Mpenzi msomaji, leo jioni utakapopiga magoti na watoto wako, sikiliza vizuri maneno yako. Sala inayomtia mtoto chuki imempa mtesaji alichokitaka, maana nia yake ilikuwa kututenganisha. Ukishasema amina, mtume mtoto ng'ambo ya ua na sahani ya mahamri. Jirani wa karibu ni bora kuliko ndugu wa mbali.

Hadi Jumapili ijayo, tuombeane.