Mzigo hupimwa kwa bega

Wadau, karne ya 19 misafara ya kutoka Bagamoyo ikipita Tura kwenda Tabora, mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi ulikuwa kilo 30 hivi. Ukizidi, aliugomea.

Leo fomu ya mkopo wa HESLB na ya ajira serikalini hujazwa mtandaoni, na kijana wa Tura naye ni mwombaji. Sasa fundi wa mfumo anayedai brauza mpya na intaneti ya kasi, anapima bega la nani? Opera Mini, iliyoenea tangu 2006, hubana kurasa bando lisiishe, ila JavaScript nzito huikwamisha.

Mafundi, jaribuni mifumo kwanza kwenye simu ya bei poa yenye mtandao wa kusuasua. Mkopo ni wa mhitaji, si wa mwenye simu kali. Mnasemaje?