Vijana Wetu Mbele ya Meza ya Usaili



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake.

Ndugu zetu wanafunzi, kila mwaka baada ya matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita, wakubwa wenu waliomaliza hapa huja kutuaga na kutuomba dua. Wanakwenda kwenye usaili. Baadhi yao wanakwenda Serikalini, wengine katika benki za hapa mjini, na wengi zaidi katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Wiki mbili tatu zikipita tunawakuta wamekaa barazani. Tukiwauliza, jibu huwa ni moja: "Ustadh, wamechukuliwa watu wa nje."

Hatusemi kwamba upendeleo haupo. Upo, na anayeufanya atakwenda kuulizwa mbele ya Mola wake. Lakini safari hii hatukutosheka na jibu hilo. Tulikaa na vijana wetu mmoja mmoja, tukawataka watueleze waliulizwa nini na wao walijibu nini. Tuliyoyasikia yametutia uchungu, na ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii.

Kijana mmoja aliyehifadhi juzuu kumi aliambiwa, "Tueleze habari zako." Alitaja jina lake, akasema anakaa Mkunazini, kisha akanyamaza. Mwengine aliulizwa amewahi kufanya kazi gani, akajibu hajawahi kufanya yoyote. Huyu ndiye aliyekuwa akikusanya ada za madrasa kwa miaka mitatu, akiziandika daftarini na kutukabidhi bila ya kupungua hata shilingi moja. Wa tatu, binti mwenye matokeo mazuri ya skuli, aliinamisha kichwa muda wote kwa haya, na sauti yake haikufika upande wa pili wa meza. Wale waliokuwa wakimsaili hawakumjua kama tunavyomjua sisi. Waliona mtu asiyejiamini.

Maoni yetu ni kwamba lawama ya mwanzo ni yetu sisi walimu. Tumewafunza kukaa, kusikiliza na kukariri. Anayeuliza sana tunamwita mjuaji, na anayejibu kwa maneno yake mwenyewe tunamrudisha kwenye maneno ya kitabu. Kunyamaza mbele ya mkubwa anapozungumza ni adabu, na hatutaki muiache. Lakini mkubwa akikuuliza, adabu ni kumjibu akafahamu.

Wapo watakaosema kuwa kujieleza ni kujisifu, na kujisifu ni jambo baya. Tuwakumbushe kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) katika Sura iliyoitwa kwa jina lake. Mfalme wa Misri alipozungumza naye na kumkubali, Yusuf aliomba asimamie hazina za nchi, akataja sifa zake mbili: kwamba anajua kuhifadhi na kwamba ana ujuzi. Tutazame alichokitaja na alichokiacha. Hakuutaja uzuri wake, wala hakusema kuwa yeye ni mjukuu wa Mitume. Alitaja yale mawili tu ambayo kazi ile iliyahitaji. Na kabla ya hapo alikwisha kueleza jinsi ya kulima miaka saba na kuweka akiba ya nafaka kwa miaka saba ya dhiki. Ushahidi ulitangulia, ombi likafuata. Basi na nyinyi mkiulizwa, msianze kwa kutaja ni watoto wa nani. Semeni mnaloliweza, kisha toeni mfano wa pale mlipolifanya. Yule kijana wetu wa ada angesema: "Nimeshika fedha za watu kwa miaka mitatu, na daftari lipo." Hilo si kujisifu, ni kusema kweli.

Jambo la pili ni kutosema uongo. Siku hizi vijana hupeana majibu ya kukariri. Wakiulizwa udhaifu wao, wote husema kwamba wanapenda kazi kupita kiasi. Msaili amekwisha kulisikia jibu hilo mara nyingi, na anajua kwamba si kweli. Ni bora useme kuwa Kiingereza chako cha kuzungumza bado ni kizito, na ueleze unachokifanya ili ukiboreshe, ikiwa kweli unakifanya. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui na kwamba uko tayari kufundishwa. Imepokewa kuwa Imam Malik, mwanachuoni mkubwa wa Madina, aliulizwa masuala mengi na mtu aliyetoka mbali, na mengi kati ya hayo aliyajibu kwa kusema hajui. Heshima yake haikupungua.

Jambo la tatu ndilo zito zaidi kwetu, nalo ni dini. Binti huulizwa kama ataivua hijabu, na kijana huulizwa kama atahudumia baa. Wapo wanaokubali yote ili wapate kazi, kisha wanaishi kwa majuto. Wapo pia wanaokasirika wakatoka. Sisi tunawaelekeza kwa Jaafar bin Abi Talib (R.A.). Alisimama mbele ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi, katika upande wetu huu wa Afrika, na Makureshi wameleta watu wao ili Waislamu warudishwe Makka. Alieleza kwa mpango walivyokuwa katika ujahili na walivyobadilika. Siku ya pili akaulizwa suala la hatari, wanasema nini juu ya Nabii Isa. Hakuficha wala hakutukana. Alisema kama alivyofunzwa, kwa upole, na mfalme akawapa amani.

Kwa hivyo nanyi semeni mapema na kwa lugha nzuri: "Kuhudumia pombe sitaweza, lakini naweza mapokezi, hesabu, jikoni au bustani." Jueni pia kwamba Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, imekataza ubaguzi katika ajira. Mkikosa kazi kwa ajili ya jibu hilo, mmekosa kazi tu, dini yenu mnayo.

Mwisho, tunatoa pendekezo kwa walimu wenzetu na wazee wa madrasa. Kila Alkhamisi baada ya sala ya Alasiri, tutenge nusu saa. Mwanafunzi mmoja asimame, wenzake wamuulize, naye ajibu kwa maneno yake huku akiwatazama. Aanze na "Tueleze habari zako." Wa kike na wa kiume wote wapate zamu. Tusisubiri mpaka waitwe kwenye usaili, kwani ulimi uliofungwa miaka kumi haufunguki kwa asubuhi moja.

Riziki inatoka kwa Allah, lakini kuisaka ni juu yetu. Tunamuomba awafungulie vijana wetu milango ya halali, na atusamehe sisi walimu pale tulipopungukiwa.

Wabillahi tawfiq.