Sasisha, lakini niulize kwanza

Leo nataka tuzungumzie kero inayowasumbua watu wengi wenye tarakilishi: masasisho yanayojiendesha yenyewe. Uko katikati ya kazi, mashine inaamua kujizima na kujiwasha upya, nawe unabaki kutazama asilimia zikipanda pole pole. Jamaa zangu kadhaa wamepata dawa yao: wamezima masasisho yote. Mimi naandika programu kwa riziki yangu, na hasira yao naielewa. Lakini hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi.

Chukua mfano wa WannaCry. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika Windows. Tarehe 12 Mei programu hasidi hiyo ikapita katika tundu lilo hilo, ikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Dawa ilikuwa tayari dukani kwa siku 59!

Basi tuyaache yajiendeshe? Ngoja kwanza. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike iliwatumia wateja wake faili lenye hitilafu. Microsoft ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 za Windows zilianguka. Ndege zilibaki chini, benki zikakwama. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, ila mashine iliyokwisha kuanguka haiwezi kupokea marekebisho, kwa hiyo nyingi zilingoja fundi azifikie moja baada ya nyingine. Na hili ndilo linaloniudhi zaidi: walikuwako wateja waangalifu waliochagua kubaki toleo moja nyuma, ili wengine waonje kwanza. Haikuwasaidia. Chaguo lao lilihusu programu yenyewe, kumbe faili lile la kanuni za kutambua mashambulizi lilipita njia nyingine, likawafikia wote kwa mpigo. Baada ya balaa hilo ndipo kampuni ikaahidi kuwapa wateja usemi juu ya mafaili hayo pia.

Kwa maoni yangu, tatizo ni kwamba tunaletewa vitu viwili katika kapu moja. Kiraka cha usalama ni kitu kidogo, cha haraka, na ni heri kije chenyewe. Toleo jipya lenye vitufe vilivyohamishwa na mapambo ambayo hakuna aliyeyaomba ni jambo jingine kabisa. Hilo lingoje ruhusa. Mwezi Oktoba 2018 toleo jipya la Windows 10 liliwafutia baadhi ya watu nyaraka zao, Microsoft ikalisimamisha. Wakati huo ukibofya tu kitufe cha kutafuta masasisho, ungeweza kuletewa toleo zima. Mtu aliyefutiwa nyaraka namna hiyo, utamwambia nini akizima kila kitu?

Kutenganisha kunawezekana. Ubuntu huweka viraka vya usalama kimya kimya, na mengine mengi hukungoja useme ndiyo. Microsoft nayo ilisogea, ingawa kwa mwendo wa kobe: Windows 10 ilitoka Julai 2015, na wenye toleo la nyumbani walipata kitufe cha kuahirisha mwaka 2019, siku 7 kwa mara moja, hadi 35.

Halafu kuna pesa. Hapa kwetu wengi huunganisha tarakilishi na mtandao wa simu, na toleo jipya linaweza kula gigabaiti kadhaa. Anayelipia data ni mimi, si aliyeliandika. Ndiyo sababu programu ninazoandika hutaja ukubwa wa sasisho kwa megabaiti kabla ya kupakua, na ukikataa leo hukuuliza tena wiki ijayo bila kununa. Kwa Windows, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, chagua mtandao wa simu yako, uutie alama kuwa unalipiwa kwa kipimo. Matoleo makubwa yatangoja. Kisha siku ukifika penye Wi-Fi ya bure, usiondoke kabla ya viraka kuingia.